Kutoka gia 21 hadi gia moja: shajara ya karakana, Ngamiani, Tanga

Jumatatu. Ilivyoingia

Baiskeli ya mlima ya mtumba. Fremu ya chuma, matairi ya inchi 26 kwa 1.95, sproketi tatu mbele (meno 48, 38 na 28) na saba nyuma (14 hadi 28). Vishikio vya gia vimeganda kwa chumvi, waya zimeoza ndani ya maganda yake, na mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha na kukaza cheni, umepinda mpaka unagusa spoki. Breki ni nzima, rimu ni nzima. Mwenyewe anabebea ndoo za dagaa kutoka soko la samaki la Deep Sea asubuhi, kisha anazunguka nazo Barabara za Namba. Hana kilima cha kupanda.

Kuirudishia gia zake kunataka vishikio viwili, waya, maganda, mkono wa nyuma na cheni nyembamba, halafu hewa ya bahari ianze kuvila upya. Kuifanya gia moja kunataka vitu viwili vipya: friwili moja (meno ya nyuma yanayozunguka bure usipokanyaga) na cheni nene. Vilivyobaki vyote vinatoka kwenye debe la vyuma chakavu. Bei hatuandiki hapa kwa sababu hubadilika na kila mzigo unaoshuka, lakini mwongozo wetu ni huu: ukijikuta unanunua kitu cha tatu, simama, ukague debe tena.

Watu huiita kazi hii "kutoa gia". Kutoa gia ni kazi ya nusu saa. Kazi kubwa ni kuifanya cheni ikae sawa, ikiwa imenyooka kutoka mbele hadi nyuma na imekazwa ipasavyo. Baiskeli nyingi za gia moja zinazovua cheni barabarani zilitolewa gia tu, hazikumaliziwa.

Kabla ya kufungua nati yoyote tumekagua mambo haya.

Midomo ya nyuma ya fremu, pale ekseli inapokaa. Hili ndilo linaloamua kazi itakuwa rahisi au ngumu. Mdomo ukiwa umelala, gurudumu huweza kusogezwa mbele na nyuma, na cheni hukazwa kwa kulivuta gurudumu. Mdomo ukiwa wima, gurudumu linakaa mahali pamoja tu na lazima utafute njia nyingine ya kukaza. Baiskeli hii mkono wake wa gia umefungwa kwa kipande cha bati nene kilichobanwa pamoja na ekseli, wala haukuchomelewa kwenye fremu. Ukiona bati hilo, kwa kawaida mdomo wake umelala. Tumelitoa, na mwanya una urefu wa milimita 22 zinazotumika. Kiwango cha chini ni milimita 13: ukipunguza inchi nzima ya cheni, yaani pingili mbili, ekseli husogea nusu inchi, milimita 12.7. Mwanya mfupi kuliko huo unaweza kukuacha katikati, cheni hii fupi mno, ile ndefu mno.

Unyoofu wa fremu. Uzi mmoja mrefu unatosha. Ufunge mdomo wa kulia, uupitishe mbele ya shingo ya fremu, uurudishe mdomo wa kushoto, uukaze. Pima kutoka uzi hadi bomba la kiti, kulia kisha kushoto. Hapa tofauti ni milimita 1. Ikizidi 3 tungeinyoosha kwanza, maana vipimo vyote vinavyofuata vinategemea fremu iliyonyooka.

Ekseli ya pedali. Shika mkono wa kranki, tikisa kulia na kushoto. Ikicheza, kikombe au gololi zimekwisha, na sproketi itayumba kila mzunguko. Hii imetulia.

Jumanne. Kufungua

Waya zote mbili za gia, vishikio na kibadilisha gia cha mbele vimetoka. Mkono wa nyuma umewekwa pembeni, hautupwi: hata uliopinda una magurudumu madogo mawili na springi, na kuna fremu zitakazouhitaji (tutafika huko). Cheni ya zamani imekatwa, imepimwa, imeenda kwenye debe.

Kisha friwili. Hii ni ya kuskurubu kwenye habu (kitovu cha gurudumu), si kaseti, yaani meno yanayochomekwa na kubanwa kwa pete. Kuzitofautisha ni rahisi: toa gurudumu, zungusha meno kinyumenyume. Kama chuma cha ndani chenye mipasuo ya kifunguo kimesimama wakati meno yanazunguka, ni friwili. Kama pete ya kufungia iliyo mwisho inazunguka pamoja na meno, ni kaseti.

Friwili hufunguka kinyume cha saa, lakini kila aliyeikanyaga pedali miaka yote hiyo alikuwa anaikaza. Mkono mtupu na spana fupi havifui dafu. Utaratibu wetu: dondosha oili nyembamba kwenye uzi wa skurubu kutokea upande wa spoki, acha ilale. Ingiza kifunguo chenye meno 12, kikandamize kwa nati ya ekseli ikazwe kwa vidole tu ili kisiruke na kula mipasuo. Bana kifunguo kwenye jiriwa, shika rimu kwa mikono miwili kama usukani wa lori, zungusha gurudumu lote. Likilegea kidogo tu, simama ulegeze ile nati, la sivyo friwili itajikaza dhidi yake na utavunja kitu.

Kifunguo kikikosekana au mipasuo ikiwa imelika, friwili hubomolewa. Pete ya juu yenye vitundu viwili hugongwa kwa tindo butu kuelekea upande wa saa, ndiyo, upande wa saa, kwa kuwa uzi wake umegeuzwa. Gololi ndogo zitamwagika, kwa hiyo tandika kitambaa. Kiini kinachobaki kwenye habu hubanwa kwenye jiriwa na gurudumu huzungushwa kama kawaida. Neno moja kwa wanaotaka kuokoa habu kutoka kwenye rimu mbovu: friwili itoke kabla spoki hazijakatwa. Spoki zikishakatwa huna tena cha kushikia.

Mbele hatukugusa kitu. Kranki za bei nafuu zina sproketi zilizopigwa ribiti, na ribiti hizo hizo ndizo zinazozishika zote tatu. Ukisaga ribiti ili utoe ya 48, ya 38 hubaki inaning'inia. Acha zote. Cheni itakaa kwenye 38. Ya 48 itakuwa ukuta wa nje na kinga ya suruali, ya 28 ukuta wa ndani. Uzito unaozidi ni mdogo kuliko ndoo moja ya dagaa.

Jumanne jioni. Meno mangapi?

Tairi la 26 kwa 1.95 likizunguka mara moja hutembea karibu mita 2.05. Mbele ni 38, haibadiliki. Kwa nyuma hesabu zinakwenda hivi. Ukiweka 16, kila mzunguko wa pedali unakupeleka mita 4.9, na ukikanyaga mizunguko 80 kwa dakika unakwenda kilomita 23 kwa saa. Ukiweka 18, mita 4.3 na kilomita 21. Ukiweka 20, mita 3.9 na kilomita 19 hivi.

Kwa baiskeli tupu mjini Tanga, 16 inapendeza. Kwa baiskeli yenye mzigo, upepo wa kusi usoni kwenye barabara ya Pangani, au mchanga wa vichochoro vya Sahare, 16 inaumiza magoti na inavuta gurudumu litoke kwenye mdomo wake. Tumechagua 18. Sababu ya pili ni ya dukani: friwili ya 18 ndiyo inayopatikana kirahisi kwenye maduka ya vipuri vya baiskeli za kawaida, na uzi wake, kipenyo cha inchi 1.37 na nyuzi 24 kwa kila inchi, unaingia kwenye habu ya baiskeli ya mlima bila kubadilisha chochote.

Wengine huulizia kutumia ile 48 ya nje kwa sababu "inakimbia". Kwa 48 na 18 ni mita 5.5 kwa mzunguko. Inakimbia mpaka taa za barabarani za kwanza. Kuondoka tena ukiwa na mzigo ni kusimama juu ya pedali. Na kwa kuwa sproketi hiyo iko nje zaidi, mstari wa cheni unaharibika zaidi.

Usinakili hesabu ya baiskeli ya Phoenix ya matairi 28. Tairi lake ni kubwa, na kwa meno yale yale inakwenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 9. Na kama mwenye baiskeli anapanda kwenda Amani, mwache na gia zake.

Jumatano. Mstari wa cheni

Hapa ndipo bajeti inapookolewa au kupotea.

Friwili ya gia saba ilikuwa pana, na meno yake yalitandaa kuelekea nje. Friwili ya gia moja ni nyembamba na inakaa chini kabisa, karibu na spoki. Tumeifunga kwa vidole tukapima.

Mbele: kipenyo cha bomba la kiti ni milimita 28.6, nusu yake 14.3. Kutoka uso wa bomba hadi katikati ya meno ya 38 ni 32.7. Jumla 47 kutoka katikati ya fremu.

Nyuma: upana kati ya midomo ni 135, nusu yake 67.5. Kutoka uso wa ndani wa mdomo wa kulia hadi katikati ya meno ya friwili ni 30. Kwa hiyo meno yako 37.5 kutoka katikati.

Tofauti ni milimita 9.5. Baiskeli yenye gia huvumilia mpindo huo kwa sababu cheni yake ni nyembamba, inapinda, na mkono wa gia unaivuta muda wote. Cheni nene ya gia moja haina huo mkono. Ikiwa na mpindo wa karibu sentimita moja italia, itakula meno upande mmoja, na ukipita shimo itaruka. Lengo letu ni tofauti isiyozidi milimita 2.

Njia zipo kadhaa. Unaweza kuweka washa nyuma ya friwili kuisogeza nje, lakini kila milimita unayoweka ni milimita ya uzi unaopoteza. Zaidi ya 2 au 3 hatuweki, kwa kuwa friwili inayoshika nyuzi chache huchana uzi wa habu na habu ikichanika imekwisha. Unaweza kubadilisha ekseli ya pedali kwa fupi zaidi, lakini hicho ni kitu cha tatu cha kununua. Njia isiyo na gharama ni kuhamisha bushi za ekseli ya nyuma (vipande vya bomba vinavyojaza nafasi) kutoka kulia kwenda kushoto, kisha kuirudisha rimu katikati kwa spoki. Ina jasho, na inaleta faida nyingine ambayo wengi hawaitarajii: gurudumu la gia saba lina spoki za kulia zilizosimama karibu wima na kukazwa sana, za kushoto zimelegea. Ukihamisha bushi, pande zote mbili zinakaribia kulingana, na gurudumu linabeba mzigo vizuri kuliko lilivyotoka kiwandani.

Ekseli imefunguliwa. Upande wa kulia kulikuwa na bushi ya milimita 7 na washa ya 2.5, jumla 9.5 kamili (bahati, kawaida huwa tunapanga washa mbilitatu za debe). Zote zimehamia kushoto. Koni ya kulia (nati inayobana gololi) imesogezwa nje kwa kiasi hicho hicho ili ncha za ekseli zitokeze sawa pande zote mbili, la sivyo nati moja itakosa uzi wa kushika. Upana wa jumla umebaki 135.

Kwa kuwa habu iko wazi, gololi zimetoka zote: 9 kila upande, robo inchi. Tatu zilikuwa na vidoa vya kutu. Hatuchanganyi mpya na kuukuu upande mmoja, kwa sababu mpya ni kubwa kidogo na zitabeba uzito peke yake. Upande huo umepata tisa mpya. Grisi mpya, koni zimekazwa mpaka ekseli haichezi na haikwami. Nati ya kufungia koni hubadilisha mkazo kidogo inapokazwa ya mwisho, kwa hiyo pima baada yake, si kabla.

Alhamisi. Spoki

Gurudumu limerudishwa kwenye fremu. Rimu imelala kulia kwa milimita 9.5, kama ilivyotarajiwa. Spoki ni 36, 18 kila upande.

Nipeli, zile nati ndogo za spoki kwenye rimu, zimepata oili nyembamba tangu jana jioni. Usiruke hatua hii pwani: nipeli iliyoshikwa na chumvi haizunguki, inaviringika kichwa au inakata spoki. Ukitazama kutoka upande wa tairi, kufuata saa ni kukaza, kinyume chake ni kulegeza. Anza kwenye tundu la valvu ili ujue ulipoanzia.

Duru ya kwanza: spoki zote za kulia zilegezwe nusu mzunguko. Duru ya pili: zote za kushoto zikazwe nusu mzunguko. Rudia. Daima legeza kwanza ndipo ukaze, vinginevyo mkazo unapanda kupita kiasi na rimu inageuka kuwa yai. Uzi wa spoki huenda milimita 0.45 kwa mzunguko, na kwa kuhamisha 9.5 hesabu inatoa karibu mizunguko miwili ya kulegeza kulia na miwili na nusu ya kukaza kushoto. Ndivyo ilivyokuwa, isipokuwa spoki nne za kushoto zilizohitaji robo zaidi kuondoa mpindo wa rimu.

Kuhakikisha rimu iko katikati hakuhitaji kifaa. Pima nafasi kati ya rimu na fremu, toa gurudumu, ligeuze kulia kuwa kushoto, lirudishe, pima upande ule ule. Vipimo vikilingana, rimu iko katikati ya ekseli. Vikitofautiana kwa milimita 2, kosa ni nusu yake, milimita 1.

Halafu hatari ambayo haionekani mpaka pancha ya kwanza. Spoki za kushoto sasa zimeingia ndani zaidi ya nipeli kwa zaidi ya milimita moja, na ncha zake zinaweza kutokeza ndani ya rimu. Tairi na mpira vimetolewa, kidole kimepitishwa: ncha saba zilikuwa zinachoma. Zimesagwa kwa tupa, kisha ukanda uliokatwa kwenye mpira wa zamani umezungushwa juu yake kama tandiko. Ukiona mtu anapata pancha upande wa ndani wa mpira, si wa barabarani, kagua hapo.

Mwisho wa siku friwili imefungwa, uzi umepakwa grisi. Atakayeifungua mbeleni atakushukuru, na huenda akawa wewe. Kipimo kipya cha nyuma: 47. Mbele: 47.

Ijumaa. Cheni

Cheni ziko za aina mbili kwa upana wa ndani: ya gia, inchi 3/32, na ya gia moja, inchi 1/8. Friwili ya baiskeli za kawaida ina meno mazito na haiingii kwenye cheni ya 3/32. Kwa hiyo cheni ni ya 1/8. Meno membamba ya sproketi ya 38 yatacheza kidogo ndani yake, yatatoa mlio mdogo siku za mwanzo, hayana madhara. Waliojaribu kutumia cheni ya zamani ya gia "ili isipotee" huishia kuona cheni imepanda juu ya meno ya friwili badala ya kukaa kati yake.

Urefu: umbali kutoka ekseli ya pedali hadi ekseli ya nyuma, gurudumu likiwa mbele kabisa ya mwanya, ni milimita 425. Kwa 38 na 18 cheni inayohitajika hapo ni pingili 95 na kidogo. Pingili zinakwenda mbilimbili, nene na nyembamba, kwa hiyo ni 96. Na 96 inaiweka ekseli kwenye milimita 430, yaani 5 nyuma ya mwanzo wa mwanya. Nafasi iliyobaki nyuma, milimita 17, ndiyo akiba ya kukazia cheni inapochakaa. Tumekata 16 kutoka cheni ya 112. Zimehifadhiwa, zitafaa kuunga cheni ya mtu mwingine.

Kiungo cha klipu: upande uliofungwa wa klipu utazame mbele cheni inapopita juu. Ukigeuza, kijiti kimoja kikigusa upande ulio wazi kinaisukuma klipu itoke.

Mkazo. Shika cheni katikati ya urefu wake wa chini, isukume juu na chini: iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 12 kwa jumla. Cheni iliyokazwa kama waya wa gitaa inasaga gololi za habu na za pedali, iliyolegea inaruka. Lakini kabla ya kukaza nati, zungusha kranki polepole ukiangalia. Sproketi za ribiti hazijakaa duara kamili, kuna sehemu cheni inakaza na sehemu inalegea. Pima mchezo kwenye sehemu inayokaza. Ukipima kwenye inayolegea, kranki ikifika upande wa pili cheni itanyonga habu. Hapa tofauti kati ya sehemu hizo ilikuwa milimita 6. Tumeipunguza kwa kuigonga sproketi kidogo kidogo kwa nyundo ya mbao kulipokuwa na mpindo wa pembeni. Uduara wenyewe haurekebishiki, unavumiliwa.

Nati ya kulia ikazwe kwanza, nyuzi zikiwa kavu na washa yenye meno ikiwa imelala upande wa fremu. Rangi iliyo chini ya washa ikwanguliwe, rangi huteleza. Kisha rimu inyooshwe katikati ya mabomba kwa mkono, ndipo ya kushoto ikazwe. Kazi yote ya kuvuta iko kulia. Nati ya kulia ikiteleza, ncha ya kulia ya ekseli huvutwa mbele na tairi linaanza kusugua bomba la chini la kushoto. Ukisikia msuguano huo ukiwa unapanda, usitafute kwenye breki.

Gurudumu limerudi nyuma milimita 5, kwa hiyo vipande vya breki navyo vimehamishwa. Vikiachwa mahali pake pa zamani kona ya kipande hugusa ukingo wa tairi, na tairi la kitambaa chepesi hupasuka ndani ya muda mfupi.

Kwa wenye midomo ya wima

Fremu zenye mdomo wima huletwa hapa na wenyewe wakiuliza kama kuna meno "yanayolingana bila kukaza". Yapo kwenye karatasi. Kwa mfano, fremu ya milimita 425 yenye 42 mbele na 19 nyuma inachukua pingili 98 na kubaki na ziada ya milimita 2 tu. Tatizo ni kwamba milimita 2 za ziada tayari zinaifanya cheni ining'inie karibu sentimita 2. Na cheni ya pingili 98 ikichakaa kwa nusu asilimia inarefuka milimita 6. Hesabu nzuri inakufa kabla ya masika kwisha.

Njia ya uhakika na ya bure ni ule mkono wa gia wa zamani. Unyooshe, ufunge mahali pake, ingiza kipande kifupi cha waya wa gia chenye kichwa kwenye skurubu ya kurekebishia, ukibane kwenye bolti yake ili mkono usimame chini ya friwili. Malizia kwa kuzungusha skurubu hiyo mpaka gurudumu dogo la juu linyooke na meno. Cheni ikatwe ikiwa ndefu kidogo, springi ndiyo itakayokaza. Kasoro yake ni mchanga: magurudumu madogo yanahitaji kufunguliwa na kuoshwa kwa mafuta ya taa mara kwa mara.

Wenye kaseti kazi yao ni nyepesi zaidi. Kaseti ya zamani ibomolewe, uchague sproketi moja ya chuma ambayo meno yake hayajalika, uipange kati ya vipande vya bomba la PVC lenye tundu la milimita 35 hivi, vilivyokatwa kwa urefu unaoleta mstari ulionyooka. Spoki haziguswi. Ila meno ya kaseti yamechongwa ili cheni ihame kirahisi, na hayo ndiyo yanayoiangusha cheni ikilegea. Ikaze cheni zaidi kidogo.

Jumamosi. Barabarani

Kwanza bila mzigo, Ngamiani hadi Raskazone na kurudi. Kisha na ndoo mbili za maji kwenye karia kuelekea Pongwe, ambako barabara inapanda taratibu na kuivuta cheni muda mrefu. Cheni haikutoka. Tairi halikusugua.

Kulikuwa na mlio wa "tik". Milio ya baiskeli ya gia moja hujieleza ukiihesabu. Ukija kila mzunguko wa pedali, tatizo ni kranki, pedali au sproketi. Ukija kila mzunguko wa gurudumu, ni spoki au tairi. Huu ulikuja kila baada ya mizunguko miwili na nusu ya pedali, na 96 ukigawa kwa 38 unapata 2.5: cheni inazunguka mara moja. Kwa hiyo kuna pingili moja ngumu. Imepatikana kwa kuizungusha cheni kinyumenyume polepole, ikainuka kidogo kwenye friwili. Ni pale cheni ilipokatwa na kuungwa. Imepindwa kwa mkono kulia na kushoto mara kadhaa, oili tone moja, imelainika.

Baada ya safari: friwili imejikaza yenyewe kwenye uzi na kuingia ndani chini ya milimita moja, kama friwili zote mpya zinavyofanya. Spoki mbili za kushoto zimelegea, zimekazwa. Nati za ekseli zimechukua robo mzunguko zaidi kila moja. Cheni imelegea hadi mchezo wa milimita 15, imevutwa ikarudi 11.

Maelekezo aliyopewa mwenyewe

Oili ya cherehani au ya mashine, tone kwa kila pingili, kisha ifutwe yote ya nje kwa kitambaa. Si oili chafu ya injini. Ina vumbi la chuma, na ikichanganyika na mchanga wa pwani inafanya kazi ya msasa. Akipita kwenye maji ya bahari, maji baridi kwanza, oili baadaye.

Kila mwezi apime pingili 24 za cheni kwa rula, kutoka pini hadi pini. Mpya ni milimita 304.8. Ikifika 308 ibadilishwe, kwa sababu cheni ndefu inachonga meno ya friwili na kuyafanya ndoana, na hapo atanunua vyote viwili. Mpaka kufika 308 cheni yote itakuwa imerefuka milimita 13 hivi na ekseli imerudi nyuma 6. Mwanya una nafasi hiyo na zaidi.

Kilichobaki ni waya wa breki ya mbele, ambao ganda lake limechanika kwenye kona ya usukani. Ganda la ile waya ya gia iliyotolewa halifai, limejengwa kwa nyuzi zilizonyooka na hupasuka likibanwa kwa nguvu za breki. Linatafutwa la breki kwenye debe.